Kovu la Shaba

"Haina chakula," alisema Gudlaug, akaiweka mezani pangu
kati ya tupa na kikombe cha kahawa iliyopoa.
Kiwanda kilichoilisha kilifungwa
kabla mama yake hajaota meno.
Duka la Namsos lina risasi aina arobaini;
yake haimo. Muuzaji, kijana mwenye hereni,
alimwambia la kuvunda halina ubani,
aigeuze iwe taa ya mezani.

Bunduki isiyo na risasi yake ni mdomo
uliobaki na lugha ambayo wasemaji wake wamezikwa.
Nami kazi yangu, tangu kiwanda cha mbao kinipunguze,
ni kuokota maneno ya namna hiyo,
moja moja, kwa milimita.

Alikuja na ganda moja tu. Tupu, jeusi,
lililozeekea ndani ya kopo la vifungo.
Ni la siku ya dubu, hilo wote wanakubali.
Kwao husimuliwa kwamba dubu aliangushwa na Ragnfrid,
mama wa bibi yake, kwa bunduki hii hii.
Ndugu wa Overhalla husema uongo, ni kaka yake Peder,
kwa bunduki yake mwenyewe; Ragnfrid alishika taa.
Harusi mbili zimeharibika kwa ajili ya dubu huyo.

Nikalipima. Tako, bega, shingo.
Nikachukua shaba ya risasi nyingine, pana, ya siku hizi,
nikaikata, nikaikereza ukingo,
nikaisukuma kalibuni hadi shingo ikakubali.
Tatu zilipasuka. Ya nne ilijikunja kama soksi.
Usiku wa manane Aslaug wangu alisimama mlangoni,
koti juu ya nguo ya kulalia.
"Unakuja lini?"
"Bado nusu unywele."
Akaizima redio, akaenda zake.

Oktoba tulipanda hadi machimbo ya mawe.
Baruti kidogo, ya kuamshia tu;
bunduki tumeifunga kwenye tairi kuukuu,
sisi nyuma ya ukuta, kamba mkononi.
Mzee haamshwi kwa kelele.
Nikavuta.
Moshi, kisha harufu ya yai na radi,
kisha kunguru wote wa bonde wakatutukana.

Nikafungua komeo. Ganda likatoka la moto,
limevimba, limejaa umbo la nyumba yake mpya,
na ubavuni, chini kidogo ya bega,
mstari mwembamba, kama ukucha wa mtoto.
Fundi aliyekitoboa chumba kile aliteleza mara moja,
labda Ijumaa, labda na njaa,
na kila shaba inayolala humo huamka na kovu hilo.

Gudlaug hakusema neno. Akatoa la kopo mfukoni,
akalisugua kwa mate na kidole gumba.
Weusi ukaachia.
Ukucha wa mtoto. Pale pale.

Nilidhani atalia, au atapiga simu Overhalla.
Aliketi kwenye tairi, maganda mawili kiganjani,
moja la moto, moja la baridi,
akaniuliza bei ya ishirini.

Jumamosi alimkosa kulungu kwa hatua tatu,
akaja karakana akinuka moshi, matope hadi magotini,
amefurahi kupita kiasi.
Overhalla hawajaambiwa.
"Wangoje harusi," alisema.