Toleo la Kumi na Moja

Ilianza na ng'ombe wa Denmaki.
Sura ya saba: amesimama, mnono, madoa meusi,
kwenye majani ambayo ubichi wake
Faza haijapata kuuona, hata mwaka wa mvua kubwa.
Nakala sita, watoto arobaini na mmoja,
vichwa vinagongana juu ya kiwele kimoja.
Barka Famau akanyoosha mkono:
"Mwalimu, huyu hunywa maji ya kisima gani?"

Sikuwa na jibu. Kengele ikaniokoa.

Usiku nikafungua kompyuta ya mkopo wa chama.
Kitufe cha A kiling'oka tangu Ramadhani,
na Kiswahili bila A ni kinywa bila ulimi;
nikawa nabonyeza kidonda chake
neno kwa neno, hadi adhana ya alfajiri.
Niliandika visima vyetu na chumvi yake.
Niliandika mbuzi wa Kizingitini wanaokula maboksi.
Niliandika mikoko, kurasa nne,
na picha nilizopiga mwenyewe,
kidole changu kikichungulia pembeni kama shahidi.

Kwenye jalada nikaweka jina: Somoe Lali. Nikalifuta.
Nikaliandika tena, herufi ndogo kidogo.

Asubuhi likatoka simu hadi simu,
faili zima, nusu ya bando la shilingi kumi.
Jioni ikaja sauti ya babake Barka, mkata boriti,
nyuma yake shoka, na watu wanacheka:
"Mwambie mwalimu wako mchu si boriti.
Mchu huliwa na dudu. Akijengea mchu,
dari itamwamkia kifuani. Boriti ni mkoko."

Nikaona haya hadi masikioni.
Kisha nikafungua ukurasa wa tisa,
nikakata, nikashona.
Kitabu cha dukani kikikosea
hungoja miaka mitano kutubu;
changu kilitubu kabla ya isha.

Hapo ndipo maneno yalipoanza.
Afisa wa elimu: "Nani amekiidhinisha?"
Nikasema, mkata boriti. Hakucheka.
Na ana haki asicheke. Kuna usiku
nalala nikijiuliza ni makosa mangapi
yamejilaza humo kwa raha zao,
kwa kuwa kisiwani hatuna mkata longitudo.
Na Mzee Mahfudhi wa duka la vitabu, Amu mjini,
aliyenikopesha kamusi nikiwa kidato cha pili,
siku hizi hunipa nusu ya salamu.
Deni lile sikuwahi kulimaliza.

Tisa darasani hawana simu nyumbani.
Twaha hukaa na yangu saa ya chakula,
ananakili skrini kwenye daftari la mraba,
ramani kwa rula, mikoko kwa penseli ya kijani,
na pambizoni vimaua ambavyo sikumtuma.
"Vya nini hivi?"
"Palibaki peupe, mwalimu."

Siyu si mbali, saa mbili kwa miguu.
Huko walinakili misahafu kwa kalamu ya mwanzi,
wino mweusi, wino mwekundu, maua pambizoni,
wala hawakumngoja mchapishaji wa popote.
Sikumwambia Twaha hayo.
Nilivipiga picha vimaua vyake,
vikaingia toleo la kumi, na jina lake chini.

Leo ni la kumi na moja. Nimemrudisha ng'ombe.
Kando yake nimeliweka swali la Barka kama lilivyo,
na mahali pa jibu, mistari mitatu mitupu.
Nimetuma saa tatu usiku.
Simu imetetema kabla sijaiweka chini.

*Mwalimu, ukurasa wa tisa tena.*

Kisha kimya,
na chini ya jina lake, kwa herufi ndogo:
anaandika…