Mikono Kwenye Nguzo

Novemba, Ravena. Ukungu umeingia mjini
bila hodi, umejikalia hadi vibarazani,
na baiskeli hupita humo kama umbeya:
unasikia kengele, humwoni mwenyewe.

Nilikuja na hamu ya bahari.
Kitabu kilisema hapa palikuwa bandari,
meli za Roma zilitia nanga hapa.
Learco wa kibanda cha magazeti alicheka mpaka akakohoa,
akanyoosha kidole kwenye shamba la mapichi:
"Ndiyo hiyo. Ilijiondokea, haikuaga mtu.
Ukiitaka, panda basi. Rudi kabla ya saa moja."

Kumbe bahari nayo huhama,
ikawaacha wapangaji wake wakidaiwa kodi na matope.
Mji unadidimia, waliniambia, unywele kwa unywele,
na pampu hazilali.

Nives alinipokea mlangoni pa basilika
na ndoo, sifongo, na miwani
yenye mguu mmoja ulioungwa kwa uzi wa kushonea.
Miaka thelathini na minane anatibu kuta.
"Habari za wafalme kaulize kwingine," alisema.
"Mimi ninachojua ni chokaa."

Tulipanda jukwaa. Mbao zililalamika.
Kutoka chini ilikuwa dhahabu tupu, mbingu nzima;
kwa karibu ni vijiwe, ukubwa wa jino la utoto,
na hakuna hata kimoja kilichokaa sawa.
"Fundi hakuwa mlevi," alisema Nives.
"Kijiwe kikilala bapa, mwanga unateleza, unakwenda zake.
Kiinamishe kidogo, hiki huku, kile kule,
utaunasa."
Akasogeza taa kushoto. Ukuta ukapumua.

Kisha akanionyesha kasri.
Kasri la vijiwe, nguzo nyeupe, na kati ya nguzo
mapazia yaliyopigwa fundo.
"Hapa walisimama watu. Mfalme na watu wake.
Akaja mtawala mwingine, mwenye imani nyingine,
akaamuru wang'olewe. Wakang'olewa, jicho baada ya jicho,
pakatundikwa mapazia."
Akanyamaza, akasubiri nione mwenyewe.

Nikaona. Juu ya nguzo, mkono.
Nguzo ya pili: vidole tu, havina bega,
vimeshika jiwe kama mtu ashikavyo mlango wa jirani
akiwa bado ana neno.

"Kwa nini waliiacha?"
"Uvivu," alisema. "Au jua lilikuwa linazama.
Au yule fundi alimjua mwenye mkono."

Akatumbukiza sifongo, akakamua.
"Mama yangu alimkata baba kwenye picha ya harusi.
Mkasi wa kushonea, taratibu, pembeni mwa shela.
Picha ilikaa juu ya kabati hadi alipokufa.
Mkono wa baba ulibaki begani mwake.
Mkasi ungeufuata, ungemkata na yeye."

Sikuwa na la kujibu. Nilishika ndoo.
Akaosha vile vidole kimoja kimoja,
hadi chini ya kucha ambazo hazipo,
kama mtu amwoshavyo mtoto aliyetoka kuchezea matope
na chakula ki tayari mezani.

Jioni nilitia sarafu kwenye kisanduku cha kanisa jingine.
Taa ikawaka chini ya sakafu:
chumba kimejaa maji, ndani ya maji mozaiki,
na juu ya mozaiki samaki wekundu
wakilipitia jina la marehemu, herufi kwa herufi,
kama wanaojifunza kusoma.
Mwanamke mmoja na mwanawe walikuwa nyuma yangu.
"Wanakula nini?" mtoto aliuliza.
"Sarafu zetu," alijibu mama.

Taa ikazimika. Wao walikwenda.
Mimi nilibaki gizani nimeinama,
nimeishika nguzo,
wala sijui niliishika tangu lini.