Kitovu cha Konokono

Nimemlaza kiganjani, nikampindua
kwa ncha ya kibano. Mizunguko mitano na nusu.
Nimehesabu mara tatu; mara moja nilipata sita,
mawazo yalikuwa jebeli.
Mdomo upande wa kulia, ukingo umepinda nje,
mweupe kama kucha iliyotoka kuoshwa.
Urefu milimita kumi na tisa, kalipa ikiteleza.

Tulimtoa juu ya Taqah, chini ya jiwe la chokaa,
Kharif imekwisha siku nne, ukungu umebaki
kwenye mitini tu, na ngamia wanarejea mlimani.
Mabkhut, mwenye ng'ombe, alimtaja kwa lugha yao,
neno linalotokea ubavuni mwa ulimi.
Nililiandika kwa herufi zangu, likakataa kukaa.
"Lakini ni yupi huyu?"
"Wa kwetu," akasema, akafuata ng'ombe wake.

Wa kwetu.
Kitabu hakina safu hiyo.

Kitabu kinauliza: kitovu kiko wazi au kimezibwa?
Hapo ndipo jamaa wawili wanapoachana,
wa pwani ukurasa huu, wa mlima ule.
Nikasogeza lenzi, nikacheka peke yangu maabara:
bibi yangu Zuwena, Ng'ambo walimwita Mmanga,
Ibra wakamwita Mswahili,
na ukimuuliza kwao ni wapi hukujibu,
"Kamuulize mkunga, yeye ndiye aliyekizika kitovu."

Kimezibwa. Nusu.
Ukingo umekifunika kama mlango
ulioachiwa mwanya wa paka kupita.
Na kitabu hakina nusu.

Nikaandika lebo kwa penseli, wino hukimbia:
Dhofar, mita mia tano themanini, chini ya jiwe.
Mkusanyaji, Thuwaiba.
Spishi, alama ya kuuliza, nimeichora ndogo kwa haya.
Hali: mfu.
Mdomo alikuwa ameuziba kwa utando
mkavu kama ganda la kitunguu, ningejuaje?

Asubuhi pamba imelowa. Kiyoyozi kinavuja
tangu Ramadhani, fundi anakuja kesho, kila siku kesho.
Kifuniko kimesogea. Njia ya ute
imepanda mizani, imekata ukurasa wa pwani
na wa mlima, haikusimama popote.
Lebo ameila. Inaonekana alianzia kwenye "mfu",
akapanda na alama yangu ya kuuliza,
akamaliza jiwe, mita, Dhofar yote.
Amebakisha jina langu na kona moja tupu.

Nikampigia Mabkhut.
Lile neno, nikamwambia. Hebu lirudie.
Polepole.