Herufi Tano Zilizopungua

Kazi yangu ni makaburi:
jina, mwaka wa kuja, mwaka wa kwenda,
na katikati kijistari kifupi kama kucha
ambamo wenyewe husukumia maisha yote.
Kanyenye watoto hunikwepa njiani,
wakidhani mkoba wangu umebeba majina yajayo.

Safari hii nimeitwa na Manispaa.
Wanajenga kiwanja penye njia ya zamani,
ile ya misafara, Ujiji kuja Tabora, Tabora kwenda pwani,
iliyopita hapa kabla ya reli, kabla ya lami,
kabla ya kituo cha mafuta walichokivunja juzi.
Mabenchi kumi na mawili. Taa za jua.
Vigae vyekundu vimepangwa mfano wa nyayo,
kushoto, kulia, kushoto,
ila fundi Nkwabi alipitiwa mahali fulani
na mpagazi wetu wa vigae
ana miguu miwili ya kushoto.

Katikati wamesimamisha jiwe la matale, kimo cha bega.
Mhandisi Lugoye akanipa karatasi yenye mhuri:
MZIGO MZITO MPE MNYAMWEZI.
"Methali ya kwenu," akasema. "Ya kujivunia."
Nikahesabu. Herufi ishirini na mbili,
elfu tatu kwa herufi.
Nyumbani debe la unga lilikwisha anza kulia mtu akiligonga.
Nikasema sawa.

MZIGO likatoka vizuri.
MZITO nalo.
Nilipofika MPE nikaweka patasi chini, nikanywa maji.

Mpe.
Nani anasema?
Kila amri ina mwenyewe.
Yumo mtu humo, kivulini, mikono mitupu,
anamwonyesha mwenzake kwa kidevu.
Na anayepewa, mbona hajaulizwa?

Babu wa bibi yangu, Mihambo,
alikwenda pwani mara tatu na pembe begani,
frasila mbili, miezi mitatu ya mguu,
akarudi na gora la merikani na bega moja limeshuka.
Halikupanda tena.
Bibi alituigizia mwendo wake, akiupinda upande wake mzima,
sisi tukicheka mpaka chozi.
Yeye jiwe hana.
Kaburi lake ni mahali mtu mmoja aliwahi kupaonyesha,
na mtu huyo naye nimemchongea mwaka juzi.

Sasa mimi, kilembwe chake,
nilipwe elfu tatu kwa kila herufi
ya kumtwika upya.

Siku ya pili sikuchonga. Nilinoa tu patasi, nikanoa na iliyokwisha noleka.
Siku ya tatu, mchana, akaja Kalunde,
muuza asali, katoka Sikonge,
ndoo kichwani, nyingine mkononi.
Akapenya penye mabati yaliyoachana,
akafika kwenye jiwe, akainamisha shingo kidogo,
ndoo ikateremka juu yake
bila kumwita mtu amsaidie.
Mlinzi akapiga kelele: "Mama! Hilo ni kumbukumbu!"
"Ya nini?"
"Ya wabeba mizigo."
Kalunde akamtazama. Akaitazama ndoo.
Akavua kata, akaikung'uta,
akakaa kwenye benchi ambalo bado lina nailoni.

Jioni ile nikawasha karabai nikamaliza:
MZIGO MZITO
TUA HAPA.

Lugoye alikuja asubuhi, akahesabu kwa kidole, mara mbili.
Akauliza kama nimelewa.
Akauliza kama jiwe lingine linapatikana kabla ya Jumamosi,
siku wageni wanapokuja kukata utepe.
Nikamwambia halipatikani.
Wamenikata herufi tano, elfu kumi na tano,
nami risiti nimeitia sahihi.
Wamelifunika jiwe kwa turubai, hawajaamua.

Ila ndoo ya Kalunde ilikuwa inavuja kidogo kitakoni.
Imeacha duara juu ya matale,
na tangu jana nyuki wanaingia chini ya turubai
mmoja mmoja, hawakatazwi,
wanatoka wazito.