Ndoo Getini, Newala

Mkuu wa wilaya wa nane alipohamishwa
aliacha pazia, feni mbovu, na gazeti la picha
la kutoka China, la Kiswahili,
kurasa zimegandana kwa ukungu wa huku juu.
Nikazibandua moja moja kwa kisu cha mkate.

Humo mna ramani ya nyumba ya bwana wa wilaya,
zama za wafalme wao:
mbele lango, na ukuta mfupi wa kuzuia mashetani
(sisi tuna mlinzi, Mchopa),
kisha ukumbi wa kesi, raia magoti chini;
nyuma ya ukumbi, mlango;
nyuma ya mlango, kitanda, watoto, wali unatokota.
Hukumu na mboga chini ya paa moja.

Nikacheka peke yangu. Mlango huo naujua.
Mwaka wa ishirini na mbili huu naupita,
asubuhi na chai ya ofisini,
jioni na shuka za nyumbani.

Wameandika: hukuruhusiwa kutawala ulikozaliwa.
Miaka mitatu, kisha barua, kisha farasi.
Wetu wa nane alitoka Bukoba, akiota senene.
Wa tano, Singida. Wa sita sikuwahi kujua,
alikaa miezi minne, akaacha makubadhi.
Anayejua ufunguo upi unagoma ni mimi.

Na langoni, wameandika, palikuwa na ngoma.
Aliyedhulumiwa aipige, hata usiku wa manane,
bwana sharti atoke.

Nikaitafuta kwetu ngoma hiyo. Lipo benchi,
limechimbika kwa makalio ya wanaongoja Jumatatu.

Bi. Somoe Nambunga alilikalia mara saba,
kwa mikorosho ya marehemu mumewe:
shemeji kaandikisha jina lake kwenye daftari la chama.
Mara ya nane akaja usiku, katoka bombani kapa.
Akaipindua ndoo pale getini,
akavua kandambili,
akaipiga.

Mbwa, taa, Mchopa; kisha yeye mwenyewe, wa tisa,
kwa msuli, tonge bado shavuni.
Alimsikiliza wima. Jumatatu, mama, lete vielelezo.
Jumapili usiku redio ikasoma majina.
Lake lilikuwemo.

Wa kumi anafika kesho. Pazia nimefua.
Faili la Bi. Somoe nimelichomoa chini kabisa,
nimeliweka juu;
juu yake kitakaa kikombe cha chai.

Na ndoo yangu ya kudekia nimeiacha getini,
kifudifudi.
Mchopa kauliza ya nini.
Nimemwambia inakauka.