Bata Bukini wa Kopo la Biskuti

Aune alimchora jikoni kwake, Turku,
kwa penseli ya kuazima,
akalipwa jozi ya viatu vya baridi.

Juzi imetimia miaka sabini tangu azikwe.
Wakili akaniambia: hakimiliki imekwisha,
ndege sasa ni wa watu wote.
Nikamchapa kwenye aproni tisa.

Barua ya kiwanda ikafika kabla wino kukauka:
bata ni alama yao ya biashara,
huhuishwa kila mwaka wa kumi,
hana kaburi.

Basi lango moja wazi, la pili lina kufuli,
na ndege ni yuleyule.

Nimefukua daftari la bibi.
Humo bata anacheka, mdomo wazi.
Kiwandani ndiko walikomfumba.

Huyu anayecheka
hawakumsajili.