Dirisha la Ghorofa ya Tatu

Tulilipa yuro kumi na mbili kila mtu ili tutishwe.
Leelo, dada yangu, aliomba punguzo la wastaafu,
akapewa, akacheka:
"Kumbe hata woga una bei ya wazee."

Tallinn, mwezi wa kumi. Mvua hainyeshi wala haikomi,
imening'inia tu hewani kama shuka iliyokataa kukauka.
Kiongozi wetu, Taavet, kavaa joho la kukodi,
kandili ya plastiki mkononi, betri ndani yake.
Mchana huuza vigae vya paa. Alitwambia mwenyewe:
mizuka hailipi bima ya meno.

Akatuhesabu: kumi na tisa.
Akarudia, akainua nyusi: ishirini.
Vijana wa Kifini wakapiga mayowe.
"Kajihesabu na yeye," Leelo akaninong'oneza.

Tukapita alipofichwa mwashi ndani ya ukuta wake,
tukapita kwa mke wa mwoka mikate
ambaye hurudi kila alfajiri kunusa unga,
na kwa mtoza kodi asiye na kichwa
("hata alipokuwa nacho hakukitumia," alisema Taavet).
Mawe yanateleza. Goti langu linalalamika.
Nilikuwa nikiwaza soksi kavu
aliposimama ghafla, akashusha sauti:
"Juu. Dirisha la tatu. Mke wa nahodha.
Msiite. Msipige mluzi."

Taa ikawaka.
Mwanamke, gauni jeupe, nywele kazimwaga mabegani,
akauweka mkono kwenye kioo
taratibu, kama apimaye homa ya mtoto.
Mmoja wa Wafini akamshika Leelo bega,
halafu akamwomba radhi.

Wakaenda. Mimi nikabaki nyuma na kamba ya kiatu.
Mlango wa chini ukafunguka:
gauni lile lile, koti la manyoya juu yake,
ndara, na mfuko wa taka.

"Wamekwisha pinda kona?"
"Wamekwisha."
"Leo nimechelewa dakika mbili. Supu ilikuwa motoni."

Anaitwa Maimu. Mume kamfia mwaka wa sita huu.
Zamani, alisema, makundi yakipita
alikuwa akivuta pazia kwa hasira,
hata akaandika barua baraza la mji, barua tatu.
Halafu usiku mmoja, hajui kwa nini, akapunga mkono,
na watu thelathini wakamwona wote kwa pamoja.
"Unajua tangu lini hakuna aliyeinua macho hapa?"
Ijumaa Taavet humletea mkate mweusi.
Hawajapatana chochote. Mkate tu.
Akatupa taka, akaufunika pipa,
akanitazama viatu. "Funga vizuri. Utaanguka, uongezeke kwenye hadithi zake."

Nilipowafikia, Taavet alikuwa akihesabu tena,
kumi na nane, anasema, kumi na nane,
na mara hii uso wake haukuwa wa joho,
ulikuwa wa muuza vigae aliyepoteza mteja.
Nikanyosha mkono. Akapumua.
"Umeona nini?" Leelo akauliza.
"Kamba ya kiatu."

Hatukuwa tumelizungumza, tangu mwezi wa sita,
lile la nyumba ya mama kule Võru:
sahihi, funguo ndani ya bahasha ya benki,
kijana mnunuzi akigonga kuta kwa kidole
kama daktari. Ndiyo maana ya safari hii,
ingawa tuliiita likizo.

Usiku hotelini, taa imezimwa,
nilidhani amelala.
"Ile ngazi ya nne," akasema gizani.
"Ile inayolia. Unadhani ameisikia?"
Mama aliiruka miaka hamsini, ndoo mkononi,
mtoto mgongoni, goti bovu na yote;
sisi tuliiruka bila kujua tunaruka.
"Ameisikia," nikamwambia.
"Sasa hivi anajifunza kuiruka."